Ukuta Uliolambwa Subukia

Kijana mmoja wa ofisi yetu ya zamani alinipigia simu wiki iliyopita. "Mzee," akasema, "sasa umestaafu, huna kazi. Tuandikie vile mlikuwa mnafanya zamani. Lakini iwe fupi." Nilimwambia nitaandika. Hiyo ya fupi sikuahidi.

Habari za vyeo mtanisamehe. Anayetaka kujua nilipandishwa lini na wapi aende akaulize faili langu, kama panya hawajalimaliza. Mimi nitawaeleza udongo, maana ndio ulionilisha miaka yote hiyo, na mara nyingi nimeula bila kutaka, ukipeperushwa na upepo.

Kwanza muelewe mahali penyewe, kwa sababu naona siku hizi mnapima kila kitu kwa mashine na hamwangalii chini. Bonde letu hili lilitokea ardhi ilipopasuka, katikati ikazama, kingo zikabaki juu. Halafu milima ya moto, Menengai na wenzake, ikamwaga majivu miaka na miaka. Hayo majivu ndiyo tunayolima. Ni udongo mwepesi, mzuri sana kwa mahindi, lakini hauna msimamo hata kidogo. Mvua ikija, unaondoka na mvua. Upepo ukija, unaondoka na upepo. Kilichokuwa kinaushikilia ni nyasi chini na msitu kule juu kwenye kingo. Nilipoanza kazi, miaka ya hamsini, msitu ulikuwa umekatwa sehemu nyingi ili watu wapande ngano na pareto, na nyasi zilikuwa zimekwisha midomoni mwa ng'ombe. Kwa hiyo maji yaliyokuwa yakiteremka polepole sasa yalikuwa yanakuja mbio, na yalikuwa hayaji mikono mitupu. Yalikuja na shamba la mtu.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa Sachangwan, kule juu kwenye kingo. Nilikuwa nimetoka nyumbani na kaptura, kwa sababu niliambiwa naenda Bonde la Ufa na mimi nilidhani bonde ni mahali pa joto. Wee! Ukungu wa Sachangwan asubuhi ulinishika magoti mpaka nikashindwa kusema jina langu. Mzee mmoja mfupi aliyevaa koti la jeshi lililokwisha viwiko akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Huyu wamemtuma kuogelea," akasema. Huyo ndiye Mzee Mulama, mtu wa Maragoli, kiongozi wa kikundi chetu cha serikali cha kuzuia mmomonyoko, na ndiye aliyenifundisha kazi. Jioni ile alinipa suruali yake ya pili. Ilinifika katikati ya miguu, lakini nilishukuru sana.

Vifaa vyetu vilikuwa majembe, sururu, makarai, na ile kamba. Kamba ndiyo ilikuwa elimu yenyewe. Watu wawili wanasimama mlimani na fimbo zenye urefu sawa, kamba imefungwa kati yao, na katikati inaning'inizwa pima maji ndogo yenye tone la hewa ndani ya kioo. Mtu wa tatu anainama kuangalia tone. Anapiga kelele: "Panda! Panda kidogo! Shuka! Hapo hapo!" Mwenye fimbo akisimama hapo, kigingi kinapigwa, na mnaendelea hivyo mpaka mmezunguka mlima wote kwa mstari mmoja usiopanda wala kushuka. Kwenye mstari huo ndipo tuta linachimbwa. Kila mtu alitaka kazi ya katikati, maana wa katikati hapandi wala hashuki, anawapandisha wenzake kwa mdomo. Mulama alinifanya mtu wa fimbo muda mrefu sana. Aliniambia kwamba miguu inajua mteremko kabla macho hayajajua, na mimi nikadhani ananionea tu.

Baada ya Sachangwan tulikaa Lanet kidogo, tukipanda miti ya kukinga upepo. Hapo sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba kiangazi kile ziwa lililo karibu lilikuwa limerudi nyuma, na vumbi jeupe la magadi lilikuwa linaruka mpaka kwenye sufuria. Tulikula sukuma wiki iliyojitia chumvi yenyewe. Mungu akatusaidia, tukahamishwa Subukia.

Subukia ni bonde ndani ya bonde. Ukishuka kutoka Bahati unaona kijani kila upande na unasema, hapa watu wameneemeka. Lakini katika shamba moja la mzungu tuliloitwa kulikuwa na korongo lililokuwa linapanda mlima kila masika. Nasema linapanda, kwa sababu korongo halianzii juu. Linaanzia chini, mahali maji yanapoanguka, halafu linajikata kurudi nyuma, likipanda. Hili lilianza kama njia ya ng'ombe. Tulipofika, mtu angeweza kusimama ndani na asionekane. Kichwa cha korongo kilikuwa kimefika karibu na laini, yaani nyumba za wafanyakazi, na nyumba ya kwanza kabisa ilikuwa ya Mama Njoki.

Mama Njoki alikuwa mjane. Alifanya kazi ya kuchuma pareto na kukamua, na alikuwa na kipande chake cha maharagwe ambacho mwenye shamba alimruhusu alime. Alikuwa mama mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Sasa, ili tuzuie korongo, ilibidi tufanye mambo mawili. La kwanza, tuchimbe mtaro juu yake ili maji yapindishwe yaende kwenye nyasi. La pili, tujenge kuta za udongo na fito ndani ya korongo, ili maji yakipita yapunguze mbio na yaache tope nyuma. Mstari wa mtaro, tulipoupima kwa kamba, ulipita katikati ya maharagwe ya Mama Njoki.

Alikuja akasimama mbele ya majembe. "Kwani mlima wote umekosa pengine?" akauliza.

"Mama, mstari ndio umesema," Mulama akamjibu.

"Mstari umelima hapa? Mstari uko na watoto?"

Tukachimba. Yeye akatuangalia mpaka mwisho, halafu akasema kwa sauti ambayo laini yote ilisikia: "Chimbeni tu! Lakini huo ukuta wenu wa matope hautaona mvua!" Ni maneno ya hasira ya mtu aliyekatiwa maharagwe, na hata mimi ningesema mabaya zaidi. Shida ni kwamba maneno hayo yaliokotwa na nyapara wa shamba, Zakaria, na Zakaria alikuwa mtu wa kuweka maneno ya watu.

Ukuta wa kwanza tulijenga vizuri mno. Mawe yalikuwa mbali, kwa hiyo tulitumia udongo. Mulama alikuwa amepata ukutani mwa korongo tabaka la udongo wa kijivujivu, mzito, unaoshikamana. Aliukanda kwenye kiganja kwa mate, akaukunja kama kamba, haukukatika. "Huu ndio," akasema. "Huu hauvuji." Tulifurahi sana. Tuliushindilia kati ya fito mpaka ukawa kama sakafu. Jumamosi mchana tukaenda zetu, Jumapili tukaenda kanisani.

Jumatatu ukuta ulikuwa umeanguka nusu. Fito zilikuwa zimetupwa huku na huku, udongo wa juu hauko.

Tukasema labda hatukushindilia. Tukajenga tena. Jumatatu iliyofuata, yale yale. Ndipo Zakaria akakumbuka maneno yake aliyoyaweka. Akaenda kumwambia mwenye shamba, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Haraka kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi akiwa amesimama.

Mama Njoki aliitwa. "Si mimi," akasema. Aliulizwa na Zakaria, akasema si mimi. Aliulizwa na Bwana Haraka mwenyewe kwenye baraza la nyumba kubwa, akasema si mimi. Nyinyi mliozaliwa juzi labda mnafikiri kesi ingefuata. Miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikimshuku kila Mkikuyu. Mama wa Kikuyu aliyesemwa kwamba anabomoa kazi ya serikali hakuhitaji kesi, alihitaji lori tu. Angepakiwa na vyombo vyake na watoto wake, apelekwe rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu kule milimani alikotoka babu yake, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kulala hata siku moja na hana hata shina moja la viazi. Nyumba yake, maharagwe yaliyobaki, kazi, vyote kwisha. Tuliambiwa tujenge ukuta mara ya tatu. Ukianguka tena, lori linakuja.

Mimi sikuamini ni yeye. Nilimwambia Mulama, "Mzee, mtu akibomoa kwa jembe si tungeona alama ya jembe? Hapa kingo ni laini, kama mtu amepapasa."

"Nimeona," Mulama akasema. "Nimemwambia Zakaria. Ameniuliza kama mimi ni wakili."

Tulijenga kwa uchungu. Mulama alishindilia mwenyewe, koti likiwa chini, akihema. Ijumaa tulikuwa tumemaliza.

Jumatatu alfajiri nilitangulia peke yangu kwenda kuona. Nilipofika ukingoni nikaona pengo. Huko juu nilisikia lori likipanda kuja laini, maana Zakaria naye alikuwa ametangulia kuona kabla yangu. Nikashuka ndani, nikaweka mkono kwenye pengo. Palikuwa pamechimbika kama bakuli, pako laini. Halafu nikahisi kitu chenye utelezi. Uzi mrefu wa mate ulikuwa umening'inia kwenye ufito, bado mbichi kwa umande.

Mulama akafika akikimbia. Nikamwonyesha. "Mzee, huu ni ulimi."

"Ulimi wa nani?"

"Wa ng'ombe."

Alicheka kwa dharau, halafu akakwangua udongo kidogo kwa kidole akauweka mdomoni. Kicheko kikakatika. "Ebo!" akasema. "Chumvi!"

Sasa nieleze, maana hapa ndipo ujinga wetu ulipo. Kikundi chetu chote kilikuwa cha watu wa jembe. Maragoli, Kisii, mimi mwenyewe ambaye kwetu tulifuga mbuzi wawili na kuku. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupeleka ng'ombe kwenye udongo wa chumvi. Mfugaji yeyote wa bonde hili angeuona ule udongo wa kijivu na kusema, huo ni wa kulambwa. Wazee wa kule wanajua kila mahali unapotokea, na kila baada ya muda wanapeleka ng'ombe wakalambe, wapate nguvu na maziwa. Sisi tuliuona ukiwa umefichika ndani ya korongo, tukauchimba, tukaukanda ukawa laini, tukaujenga kwa urefu wa shingo ya ng'ombe. Haki ya Mungu, hata hotelini hawapangi chakula vizuri hivyo. Kisha kila Jumapili, sisi tukiwa tunaimba kanisani, mchungaji wa shamba alikuwa anapitisha ng'ombe pale kwenda mtoni.

Lakini huyo mchungaji, Kiptoo, kwa nini hakusema? Kwa sababu Bwana Haraka alikuwa amepiga marufuku ng'ombe kuingia korongoni, na Kiptoo alijua akifungua mdomo lori litampakia yeye.

Tulikimbia mpaka laini. Vyombo vya Mama Njoki vilikuwa vimeshapandishwa: sufuria, vibuyu, godoro la majani, kuku wamefungwa miguu. Watoto wamekaa juu ya magunia. Yeye amekaa pembeni, mikono mapajani. Sauti ile kubwa ilikuwa imekwisha. Niliona uchungu ambao sijausahau.

Mulama akavua kofia. "Bwana, ukuta umeliwa na ng'ombe."

Bwana Haraka alikuwa tayari anaingia kwenye gari lake. "Nini? Ng'ombe nakula ukuta? Wewe nafikiri mimi mtoto?"

"Bwana, lete ng'ombe mmoja tu. Asipolamba, unipakie mimi pia kwa lori."

Nilimvuta shati, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bwana Haraka akaangalia saa yake, akaangalia lori, akapiga kelele: "Kiptoo! Leta ng'ombe! Moja! Upesi!"

Kiptoo alikwenda, akarudi na ng'ombe wa gredi, wa mbegu ya kizungu, mwekundu, mnene, yule aliyeshinda maonyesho na ambaye Bwana Haraka alimpenda kuliko binadamu wengi. Tukateremka sote, mpaka dereva wa lori. Mama Njoki naye akashuka, hakuna aliyemzuia.

Ng'ombe akasimama ukingoni. Akatuangalia. Halafu akainamisha kichwa na kuanza kula nyasi.

Wacha niwaambie, nimesubiri mambo mengi maishani. Nimesubiri mvua, nimesubiri mke wangu ajifungue, nimesubiri pensheni. Sijawahi kusubiri kama siku ile. Yule ng'ombe alikula nyasi kana kwamba amelipwa azile zote. Zakaria akakohoa. Bwana Haraka akaanza, "Basi, sasa..." Jasho lilikuwa linamtoka Mulama masikioni.

Ndipo upepo ukapanda kutoka chini ya korongo. Ng'ombe akainua pua. Akaacha nyasi katikati ya kutafuna. Kiptoo akalegeza kamba, na yule mnyama akateremka kwa makalio, mawe yakiporomoka, moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wetu. Akatoa ulimi wote. Alilamba kwa nguvu, macho yamefumbwa, akisukuma fito kwa pembe ili apate ya ndani, na ufito mmoja ukaruka ukaangukia karibu na viatu vya Bwana Haraka. Bwana Haraka alijaribu kumwita kwa jina. Ng'ombe hakugeuka.

Wa kwanza kucheka alikuwa dereva. Halafu tukacheka sote, isipokuwa watu watatu: Zakaria, Bwana Haraka na Mama Njoki. Mimi nilicheka mpaka nikalia, na kulia kwenyewe hakukuwa kwa kicheko tu. Bwana Haraka akasema, "Hm." Akageukia lori, akasema, "Toa vitu." Kisha akaenda zake, na kwa mara ya kwanza alitembea polepole.

Tulishusha vyombo sisi wenyewe. Mama Njoki hakusema asante. Alisimama mlangoni akionyesha kwa kidole mahali pa kila kitu, na Zakaria mwenyewe alibeba godoro. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba katika zizi lote, Kiptoo alikuwa amemchagua yule aliyemjua kwa ulafi. Alikuwa amesema alichoweza kusema bila kufungua mdomo. Hakuna aliyemuuliza zaidi, na sisi tukahakikisha haulizwi.

Kazi ilikwenda vizuri tangu hapo. Mawe tuliyafuata mbali kwa mkokoteni wa maksai, tukajenga kuta mpya, tukapanda nyasi ndefu na mkonge kwenye kingo. Ule udongo wa chumvi tuliubeba kwa makarai tukaumwaga kwenye uwanja wa mawe karibu na mto, Kiptoo akawa anapeleka ng'ombe huko mchana kweupe. Na mtaro, Mulama aliurudia. Aliupindisha ukazunguka maharagwe. Mkienda huko mtaona una kona ambayo haipo kwenye kitabu chochote cha fani yetu. Mhandisi mmoja aliwahi kuniuliza sababu ya kona ile, nikamwambia ni maharagwe, akaandika kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Masika ilipokuja ilikuja kweli. Tulisimama kwenye mvua, magunia vichwani, tukiangalia maji mekundu yakifika kwenye ukuta wa kwanza, yakisita, yakiacha mzigo wake, yakivuka taratibu kwenda kwenye wa pili. Mulama alinishika bega. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuwaeleza, nyinyi mtaipata siku yenu. Mpaka mvua zinaisha, tope lilikuwa limejaa nyuma ya kuta, na nyasi zilikuwa zimeota juu ya tope. Korongo halikupanda tena.

Tulipopewa uhamisho, nilikwenda kumuaga Mama Njoki. Nilimkuta kwenye maharagwe, akaniita ndani, akanipa uji kwenye kibuyu. Tuliongea habari za watoto, za mvua, za bei ya vitu. Sauti yake kubwa ilikuwa imerudi. Mimi kijana, nimejaa raha ya kazi iliyofaulu, nikasema, "Mama, mwishowe ukweli ulijulikana."

Akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Mimi nilisema si mimi," akasema. "Nilimwambia Zakaria, nikamwambia mzungu, nikawaambia nyinyi wote. Mimi mtu, nina mdomo, nimezaliwa hapa hapa. Hakuna aliyesikia. Halafu ng'ombe akatoa ulimi mara moja tu, na kila mtu akaamini."

Akachukua kibuyu changu, akaona kimekwisha, akaniongezea uji.